Skrubu Ikilegea Mbaoni: Habari za Nati ya Kuzamisha

Hapana boma katika skimu zetu lisilo na kitu cha mbao kilicholegea. Kitanda kinacholia usiku mtu akigeuka. Meza ya mashine ya kukatia nepia inayotikisika. Mlango wa banda la ndama ulioinama upande mmoja. Mkono wa toroli unaozunguka mkononi. Ukivitazama vitu hivyo kwa karibu utaona kwamba ugonjwa wao ni mmoja. Skrubu ilikuwa imara siku ya kwanza. Siku moja ikafunguliwa, kwa sababu ya matengenezo au ya kuhama, ikarudishwa, na tangu siku hiyo haishiki tena. Mwenye mali huongeza msumari, kisha msumari mrefu zaidi, na mwishowe ubao hupasuka ukapelekwa jikoni kuwa kuni.

Zamani hasara hiyo haikuumiza sana, maana watu walisema msitu uko hapo juu na mbao hazitakwisha. Siku hizi mambo ni mengine. Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, kwanza kwa siku 90, kisha muda ukaongezwa tena na tena hata ukapita miaka mitano, mpaka Rais alipotangaza Julai 2023 kwamba marufuku hiyo inaondolewa. Miaka hiyo yote mnunuzi alitegemea miti ya mashamba ya watu na mbao za kutoka nje ya nchi. Wewe unayekaa Ruring'u, au unayeteremka kutoka Mweiga au Naro Moru kuja Nyeri kununua mbao, unajua mwenyewe ulilipa nini. Kwa hiyo ubao mzuri usitupwe kwa sababu ya tundu moja lililoharibika. Iko njia ya kuliponya tundu hilo, na njia hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa.

KWA NINI SKRUBU HUACHA KUSHIKA

Skrubu huingia mbaoni kwa kujichimbia njia. Hesi zake, yaani yale meno yanayouzunguka mwili wake kama barabara inavyozunguka kilima, hukata nyuzi za mti na kulala katikati yake. Nguvu yote ya skrubu imo katika nyuzi chache zilizobaki kati ya hesi moja na nyingine. Ukiikaza mara ya kwanza, nyuzi hizo hushika vizuri. Ukiifungua na kuirudisha kwa haraka, haifuati njia yake ya kwanza bali hukata njia nyingine kando yake. Rudia hivyo mara tatu au nne, na kilichomo tunduni ni unga wa mbao tu.

Miti nayo haifanani. Saiprasi, ambayo ndiyo mbao ya kawaida katika nchi yetu, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ni mbao nyepesi, hurandwa kwa urahisi, na mafundi huipenda. Lakini kwa sababu ya ulaini wake skrubu huila upesi. Mkaratusi hushika zaidi, ila hupasuka ukilazimishwa. Muhuru, ule mti wa miteremko ya Mlima Kenya ambao mafundi huuita Meru oki, hushika skrubu vizuri, lakini si kila mtu anaweza kuupata.

Tena kuna hali ya hewa. Ubao hunywa unyevu wakati wa mvua ukavimba, na hukauka wakati wa kiangazi ukasinyaa. Chuma hakifanyi hivyo. Katika sehemu za Kieni, ambako jua la mchana ni kali na usiku ni wa baridi na upepo, mbao hufanya kazi hiyo ya kuvimba na kusinyaa mwaka mzima, na kila mara skrubu hupoteza kidogo nguvu zake.

Kabla hatujaendelea, shika neno hili moja, maana halina gharama yo yote. Ukitaka kurudisha skrubu katika tundu lake la zamani, kwanza izungushe kinyume, polepole, kana kwamba unaifungua. Utasikia inadondoka kidogo, tiki. Hapo imeingia katika njia yake ya kwanza. Sasa ikaze. Fundi afanyaye hivyo, skrubu zake hudumu zaidi.

NATI YA KUZAMISHA NI NINI?

Ni kipande kidogo cha chuma au shaba, mfano wa bomba fupi, chenye hesi nje na ndani. Hesi za nje ni pana na kali, kazi yake ni kuuma mbao. Hesi za ndani ni laini na za karibu karibu, sawa na za nati ya kawaida, kazi yake ni kupokea bolti. Kipande hicho huzamishwa ubaoni mara moja tu, nacho hakitoki tena. Tangu hapo unapofunga na kufungua, ni bolti ya chuma inayozunguka ndani ya chuma, mbao haiguswi. Unaweza kufungua na kufunga mara mia, na kiungo kitakuwa kama siku ya kwanza.

Huenda umekwisha kuiona bila kujua jina lake. Funua meza ya kiwandani ambayo miguu yake hufungwa kwa bolti, au kitanda cha mtoto kilichonunuliwa kikiwa vipande ndani ya sanduku, na utaona tundu lenye duara ya chuma inayong'aa. Hiyo ndiyo. Madukani mafundi huiita kwa majina mbalimbali, basi yafaa uchukue bolti yako mkononi na kueleza kwamba unataka nati inayoingia ndani ya mbao. Huuzwa zaidi katika maduka yanayouza vifaa vya watengeneza makabati.

Iko ndugu yake iitwayo nati ya makucha. Hii ni bamba la chuma la duara lenye shingo katikati na makucha matatu au manne pembeni. Hupigwa kwa nyundo kutoka upande wa nyuma wa ubao, makucha yakaingia mbaoni, na bolti huja kutoka mbele. Kwa kawaida bei yake ni ndogo, na kwa kazi nyingi ina nguvu zaidi, kwa sababu hii: bolti inapokazwa huivuta nati ya makucha izidi kuingia mbaoni, lakini nati ya kuzamisha iliyotiwa kutoka mbele huvutwa itoke. Fikiri juu ya jambo hilo kabla ya kununua. Hata nati ya kuzamisha yenyewe, kama unaweza kufika nyuma ya ubao, izamishe kutoka huko nyuma ili bolti iivute ndani.

Na kama unaweza kufika nyuma ya ubao, labda huihitaji kabisa. Sisi hatuuzi nati, basi tutasema kweli: mahali ambapo bolti ndefu yaweza kupita ubao wote na kupokewa na washa pana na nati ya kawaida upande wa pili, tumia bolti hiyo. Ni rahisi, ni nguvu, na hupatikana kila duka la vyuma. Nati ya kuzamisha ni ya mahali ambapo huwezi kufika nyuma, au hutaki bolti itokeze ikakwaruza watu na ng'ombe, au tundu la skrubu limekwisha kuharibika na unataka kuliokoa.

MASHINE YA KUKATIA NEPIA

Tuchukue kazi moja, ili maneno haya yaonekane kwa macho. Wakulima wengi wa ng'ombe wa maziwa wana mashine ya kukatia nepia au mabua, ya kuzungushwa kwa mkono au kwa mota, na wengine wameisimamisha juu ya fremu ya mbao. Mashine hiyo ina visu juu ya gurudumu, na visu vinataka kunolewa mara kwa mara. Ili kuvifikia, lazima ufungue kifuniko. Kama kifuniko cha gurudumu na mkanda ni cha mbao au cha bati lililoshikwa kwa skrubu juu ya fremu ya mbao, basi unajua kinachotokea. Mwezi wa kwanza skrubu zinarudi vizuri. Mwezi wa nne mbili hazishiki. Mwezi wa sita kifuniko kimeegemezwa ukutani, na gurudumu linazunguka wazi, na mtoto aliyetoka shule anasukuma majani kwa mkono wake.

Vidole vikikatwa havirudi. Mara nyingi mtu husema ajali ilitokea kwa haraka au kwa uzembe, naye asikumbuke kwamba ilianza siku ile skrubu nne za kifuniko zilipoacha kushika. Kifuniko ambacho hufunguliwa kwa spana na kurudi kwa dakika mbili, kitarudishwa. Kile kinachotaka kupigiliwa misumari upya kila mara hakitarudishwa, wala usijidanganye.

Basi katika mashine hiyo gawanya kazi hivi. Miguu ya chuma ya mashine, ile inayoishika juu ya fremu, ifungwe kwa bolti zinazopita mbao yote, zenye washa pana juu na chini, na washa ya springi chini ya nati ili mtikisiko usiifungue. Usitie nati ya kuzamisha hapo. Mtikisiko wa mota hauna huruma, na nati iliyoshikwa na saiprasi tu italegea. Lakini kifuniko hakibebi uzito wala hakivutwi. Kinataka tu kufunguliwa na kufungwa. Hapo ndipo mahali pa nati ya kuzamisha, nne au sita, za kupokea bolti za milimita 6. Tafuta bolti zenye kichwa kikubwa ambazo mkono waweza kuanza kuzikaza. Na kabla hujagusa kifuniko, zima mota na uchomoe waya wake ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu mtu mwingine anaweza kuiwasha.

NAMNA YA KUIZAMISHA

Kwanza mbao iwe kavu. Hili ndilo watu wengi hulipuuza. Mbao mbichi kutoka kwa mpasuaji ina maji. Ukitia nati leo, baada ya miezi michache mbao itasinyaa, nati italegea au ubao utapasuka. Panga mbao zako kivulini, mahali penye upepo, na kati ya ubao na ubao weka vijiti vyembamba vilivyonyooka ili hewa ipite. Ubao wa inchi moja unataka miezi, si majuma.

Pili, ukubwa wa tundu. Hapa ndipo kazi inapoharibika au kufaulu. Ipime nati yako kwa namna mbili: upana wa mwili wake bila hesi za nje, na upana wake pamoja na hesi. Kwa mbao laini kama saiprasi, toboa tundu linalolingana na mwili bila hesi. Kwa mbao ngumu kama mkaratusi au muhuru, ongeza nusu milimita, maana mbao ngumu haikubali kusukumwa. Nati nyingi za kupokea bolti ya milimita 6 huangukia kwenye ncha ya keekee ya milimita 8 au 9, lakini viwanda havifanani, kwa hiyo usiamini hesabu hii mpaka umeijaribu katika kipande cha mbao ile ile ulichokata. Toboa, zamisha, kisha kitazame kipande. Kama kimepasuka, tundu ni dogo. Kama nati inazunguka kwa vidole, tundu ni kubwa. Kipande kimoja cha kutupwa kitakuokolea ubao mzima.

Tundu liwe refu kupita nati kwa milimita kadhaa, na lizidi pia mahali bolti itakapofika. Bolti ikigonga mwisho wa tundu nawe ukaendelea kukaza, itaisukuma nati itoke nje kama jeki inavyoinua gari. Ili usitoboe kupita kiasi, funga kipande cha utepe juu ya ncha ya keekee kuwa alama. Nalo lisiwe karibu na ukingo wa ubao. Acha mbao nzima kati ya nati na ukingo isiyopungua upana wa nati yenyewe, na ikiwezekana mara mbili.

Tatu, panua kidogo mdomo wa tundu kwa ncha pana, au kwa kisu kikali kama huna. Usipofanya hivyo, hesi ya kwanza itainua nyuzi za juu na kufanya kilima kidogo kuzunguka nati, na vipande viwili havitakutana sawasawa.

Sasa kuizamisha. Nati nyingine zina mwanya juu kama kichwa cha skrubu, na mtu huona mwanya akachukua bisibisi. Afadhali asifanye hivyo. Shaba ni laini, mwanya huvunjika, na bisibisi haiendi wima. Chukua bolti ya ukubwa wa nati yako, tia nati mbili za kawaida juu yake, kisha tia nati ya kuzamisha mwishoni. Zikaze zile nati mbili za kawaida zikabane moja juu ya nyingine, na ile ya chini iguse nati ya kuzamisha. Sasa vyote vimekuwa kitu kimoja, nawe waweza kukizungusha kwa spana. Paka hesi za nje nta ya nyuki au ya mshumaa. Usipake sabuni, maana sabuni huvuta unyevu na chuma hupata kutu. Anza kwa mkono, simama wima juu ya kazi yako, na utazame kutoka pande mbili kama bolti imesimama. Kama jicho lako haliaminiki, toboa kipande cha mbao nene kwa keekee iliyosimama wima, kiweke juu ya tundu, na bolti ipite ndani yake, kitakuongoza.

Zungusha polepole, nusu duara kwa nusu duara. Ikiwa ngumu kupita kiasi usilazimishe. Irudishe nyuma, toa unga, endelea. Izamishe mpaka iwe chini ya uso wa ubao kwa milimita moja hivi. Kisha ishike nati ya chini kwa spana, ulegeze ya juu kwa spana nyingine, na kuchomoa bolti. Ukisahau kuzilegeza na kuivuta bolti hivyo hivyo, nati yote itarudi nje nayo, na kazi yako ni bure.

KICHWA CHA UBAO

Mpaka hapa tumesema juu ya ubavu wa ubao, ambako nati hukata nyuzi zikiwa zimelala. Katika kichwa cha ubao, mahali msumeno ulipopita, nyuzi zimesimama kama nywele za brashi, na hesi huteleza katikati yake. Nati ya kuzamisha hapo ni dhaifu. Ukilazimika, tumia nati ndefu zaidi na kuigandisha kwa ile gundi ya sehemu mbili inayochanganywa, na uiache usiku mzima kabla ya kuifunga. Lakini kwa kitu cha kubeba uzito, kama kitanda, iko njia bora ambayo mafundi wa vitanda waliijua kabla nati hizi hazijaletwa madukani.

Toboa tundu refu la bolti katika kichwa cha ubao wa kitanda, inchi tatu au nne. Kisha upande wa ndani wa ubao, ambao haonekani na mtu, chimba kwa patasi kishimo kinachokutana na tundu hilo, na ndani yake tia nati ya kawaida, ya mraba ikiwa unaipata, pamoja na washa. Bolti ikipita mguu wa kitanda na kuingia kichwani mwa ubao hukutana na nati kishimoni, na kadiri unavyokaza ndivyo nati inavyobanwa na mbao nzima iliyo mbele yake. Familia zilizohamia mashamba mapya wakati wa mpango wa ekari milioni, ulioanza 1962, zilijua taabu ya kusafirisha vitu vya nyumbani juu ya lori. Kitanda cha bolti hulazwa kikiwa vipande vinne na mafungu ya mbao, hupita mlango mwembamba, na jioni hiyo hiyo mtu hulala juu yake. Kile cha misumari hufika kimevunjika.

KULIOKOA TUNDU LILILOHARIBIKA

Kwa kuwa nati ya kuzamisha ni nene kuliko skrubu, mara nyingi tundu la skrubu lililokwisha huwa dogo kuliko mwili wa nati. Basi ubao huo haujafa. Lipanue tundu mpaka kiasi tulichosema, ukikata unga wote mbovu, zamisha nati, na mahali hapo patakuwa imara kupita palivyokuwa pakiwa papya. Hivyo ndivyo unavyoweza kutengeneza mguu wa meza, bawaba za mlango wa banda, na fremu ya mashine bila kununua ubao mwingine.

Kama tundu limekuwa kubwa mno hata nati inacheza, usiijaze karatasi wala vijiti vya kiberiti, ingawa watu wengi hufanya hivyo. Toboa pana zaidi, kata kigingi cha mbao ngumu kinacholingana, kipake gundi, kipigilie ndani, uache kikauke siku nzima, kisha ukate kilichozidi na utoboe upya katikati ya kigingi. Kumbuka tu kwamba kigingi cha duara kilichochongwa kwa urefu wa mti kinatoa kichwa chake juu, na tumekwisha kusema kichwa cha ubao hakishiki vizuri. Kwa hiyo paka gundi ya sehemu mbili kwenye nati pia.

INCHI NA MILIMITA

Neno hili ni dogo lakini limewasumbua watu wengi. Mwaka 1841 Mwingereza mmoja, Joseph Whitworth, alipanga vipimo vya hesi kwa inchi, na kwa miaka mingi bolti za Afrika Mashariki zilifuata kawaida za Uingereza. Baadaye milimita zikaingia. Siku hizi duka moja laweza kuwa na zote mbili katika makopo yanayokaribiana. Bolti ya inchi 5/16 ina upana unaokaribia kabisa milimita 8. Kwa macho huwezi kuzipambanua. Lakini hesi zake hazilingani: ile ya inchi ina hesi 18 katika kila inchi, na ile ya milimita ina hesi moja kila milimita 1.25. Ukiitia bolti ya inchi katika nati ya milimita 8 itazunguka mara moja au mbili kwa vidole, kisha itakwama. Mtu mwenye nguvu huchukua spana akakaza, naye huharibu hesi za ndani, au huizungusha nati nzima mbaoni.

Kwa hiyo nunua nati na bolti pamoja, katika duka moja, na ujaribu kila bolti kwa vidole kabla hujalipa. Inayoingia mpaka mwisho kwa vidole tu ndiyo yake. Na katika boma lako chagua kipimo kimoja, tuseme milimita 6 kwa vifuniko na milimita 8 kwa vitu vizito, ili spana mbili zitoshe kazi zote.

SHABA AU CHUMA?

Shaba haishiki kutu, nayo hufaa mahali penye unyevu. Tena katika mbao yenye tanini nyingi, kama mkaratusi, chuma kitupu huacha madoa meusi, lakini shaba haifanyi hivyo. Ubaya wa shaba ni ulaini wake. Chuma kilichopakwa zinki ni nguvu zaidi, na kwa kazi ya ndani ya nyumba kinatosha. Kwa vyo vyote, paka bolti grisi kidogo kabla ya kuifunga. Mwaka ujao utaweza kuifungua.

Baada ya kuzamisha nati katika kitu kipya, kikague mwezi wa kwanza, tena mwisho wa kiangazi cha kwanza, na kukaza kila bolti kwa kiasi. Kwa kiasi, maana hapo ndipo wengi huvunja walichojenga: spana ndefu na mkono wenye nguvu huing'oa nati ya milimita 6 kutoka katika saiprasi bila taabu. Ishike spana karibu na bolti, si mwishoni kwake. Bolti ikianza kuzunguka bila kukazika, nati imelegea mbaoni. Acha hapo hapo, chomoa bolti, itoe nati kwa njia ile ile ya nati mbili zilizobanwa, safisha tundu, paka gundi ya sehemu mbili kwenye hesi za nje na hata tone moja lisiingie ndani, irudishe, uiache mpaka asubuhi.